Kungoja si kupumzika

Mpenzi msomaji, ile sahani ya omena uliyoila jana jioni kwa ugali na sukumawiki ilisafiri usiku. Yaelekea ilipita Kisii wakati wewe unatazama taarifa ya habari, ikapita Narok ulipokuwa katika usingizi wa pono, na ikafika Gikomba kabla hujageuka ubavu wa pili. Aliyeileta hakulala. Juu ya mtu huyo ndipo ninapotaka tuzungumze leo katika ukurasa huu wa afya, kwa sababu nimechoka kusoma habari za ajali zinazomalizika kwa maneno yale yale, kwamba dereva "alishindwa kulidhibiti gari", kana kwamba gari ni ng'ombe aliyekata kamba.

Desemba iliyopita nilikuwa Karungu, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Kwa msomaji asiyepajua, Karungu ni ghuba ya Ziwa Viktoria iliyoko Nyatike, kaunti ya Migori, si mbali na mpaka wa Homa Bay, na Sori ndio mji wake mdogo wa biashara. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza wakiwa na taa, na ukisimama ufuoni ukatazama maji utadhani kuna mji mwingine uliowashwa taa huko mbele. Asubuhi mashua hurudi, kina mama hununua kwa ndoo, na omena hutandazwa mchangani juu ya nyavu ili ikauke. Jua likiwaka vizuri, kufikia alasiri imekauka na kutiwa magunia. Mvua ikitishia, kila mtu hungoja. Na anayengoja kuliko wote ni dereva wa lori.

Dereva niliyemkuta ni jirani ya dada yangu, mtu wa makamo, mpole, ambaye ameendesha malori tangu ujana wake. Sitamtaja jina, kwani ana mwajiri na ana watoto wa kusomesha. Aliniita shemeji, kama ilivyo haki yake, akanikaribisha chini ya mti alipokuwa ameketi. Alikuwapo pia mpwa wangu, ambaye kwa miaka minne sasa anaendesha lori nchini Uingereza na alikuwa amekuja nyumbani kwa Krismasi.

"Baba, leo umepumzika?" mpwa wangu alimwuliza. Huko kwao mzee wa rika la baba yako ni baba yako.

"Nimepumzika kutwa, kijana wangu. Si unaniona nimeketi tangu asubuhi?"

Mpwa wangu alitoa mfukoni kadi ya plastiki yenye picha yake, ya ukubwa wa kitambulisho, akaiweka juu ya goti la mzee. "Kwa kadi hii," alisema, "wewe hujapumzika hata dakika moja."

Sote tulicheka. Baadaye nilipoelezwa jinsi kadi hiyo inavyofanya kazi, nilikoma kucheka, na tangu siku hiyo siitazami tena lori iliyoegeshwa kwa macho yale ya zamani.

Kifaa kinachoisoma kadi hiyo huitwa takografu, na hukaa ndani ya kabini mbele ya dereva. Zamani kilitumia kisahani cha karatasi kilichopakwa nta, na sindano ndogo ilichora humo mwendo wa gari na saa za kusimama, mzunguko mmoja kwa saa 24. Jumuiya ya Ulaya iliagiza kitumike katika malori kwa kanuni ya mwaka 1970. Waingereza walikipiga vita kwa miaka. Madereva wao walikiita jasusi wa kabini, na ilibidi serikali yao ishtakiwe katika Mahakama ya Ulaya na kushindwa mwaka 1979 ndipo ikakubali shingo upande. Tangu Mei 2006 malori mapya huko huwekewa takografu ya kidijitali, na kila dereva ana kadi yake binafsi. Kuendesha kwa kadi ya mwenzako ni kosa kubwa.

Sasa, msomaji, nisikilize vizuri hapa, kwa maana ndipo kiini cha makala haya kilipo. Kifaa hicho kina picha nne. Ya kwanza ni usukani, maana yake unaendesha. Ya pili ni nyundo mbili zilizopishana, maana yake uko kazini ingawa huendeshi: unapakia, unafunga turubai, unakagua magurudumu, unabishana na mwenye ghala. Ya tatu ni kitanda, yaani mapumziko. Ya nne ni kisanduku kilichokatwa kwa mstari, nacho nitakieleza baada ya kitambo kidogo.

Magurudumu yakizunguka, kifaa chenyewe huandika usukani. Magurudumu yakisimama, kifaa chenyewe huandika nyundo. Angalia hilo: hakiandiki kitanda. Kitanda hakiji chenyewe. Ni lazima dereva anyooshe kidole, abonyeze kitufe, na aseme mwenyewe kwamba sasa napumzika. Mpwa wangu katika mwezi wake wa kwanza alisimamisha lori mahali pazuri, akala, akasinzia dakika 45 kamili, akaamka akaendelea na safari. Alisahau kubonyeza. Kwa mujibu wa kadi alikuwa amegonga nyundo kwa dakika 45, na kwa hiyo ameendesha zaidi ya saa saba bila mapumziko. Angeweza kuchapa karatasi ya kumbukumbu kutoka kwenye kifaa na kueleza nyuma yake kwa mkono wake kilichotokea, lakini hakujua. Aliitwa ofisini, akapewa onyo.

Kanuni yenyewe ni hii. Baada ya kuendesha saa nne na nusu ni lazima dereva apumzike dakika 45. Anaweza kuzigawa mara mbili, lakini kwa utaratibu: kwanza angalau dakika 15, kisha angalau 30. Akianza na 30 na kumalizia kwa 15, hesabu haikubali. Akipumzika dakika 14 ni kama hakupumzika. Mimi niliona huo ni ukarani wa kizungu tu, hadi nilipotafakari kwamba uchovu hujilimbikiza, na kwamba ni busara kipande kirefu cha mapumziko kije mwishoni, mzigo wa uchovu unapokuwa mkubwa. Kwa siku, dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa tisa, ingawa mara mbili kwa wiki anaweza kufikisha kumi, na kwa kawaida anatakiwa apate saa 11 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine.

Na sasa kile kisanduku. Kisanduku ni kwa ajili ya kungoja, lakini si kungoja kokote. Ukifika ghalani ukaambiwa mapema, "tutakuhitaji baada ya saa mbili," na ukawa huru kuondoka kando ya gari, hapo utaandika kisanduku. Lakini ukiwa umeketi hujui utaitwa saa ngapi, sikio moja likiwa kwa mpakizi na jingine kwa simu, hiyo ni nyundo. Ni kazi. Haidhuru hata kama umejinyoosha chini ya mti na viatu umevua.

Hapo ndipo nilipomtazama yule shemeji yangu kwa macho mapya.

Nilishinda naye siku ile. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, au niseme aliamshwa na mbu, maana alilala ndani ya kabini bila chandarua. (Nisamehe nikipotoka kidogo: vyandarua vipo vingi Karungu, lakini katika fuo za Ziwa Viktoria utavikuta pia vimetandazwa mchangani juu yake omena inakauka. Dereva analala wazi, samaki analalia chandarua.) Saa mbili aliitwa asogeze lori kwa kuwa gurudumu la nyuma lilikuwa linazama mchangani. Saa nne alikwenda Sori kutafuta kamba za turubai. Saa sita mwenye gari alipiga simu kutoka Nairobi kuuliza kwa nini hawajapakia. Saa saba wingu jeusi lilitanda juu ya ziwa, na kila mwenye mikono, dereva na utingo wake wakiwemo, alikimbia kukusanya omena. Wingu likapita bila kunyesha, omena ikaanikwa tena. Saa tisa mzozo wa mizani. Saa kumi walianza kupakia. Kati ya mambo hayo yote nilimwona akisinzia mara mbili, na mara zote mbili aliamshwa kabla hajaanza kukoroma. Saa kumi na mbili jioni aliwasha injini, akatupungia mkono, akaondoka.

Mwulize mwenye lori hiyo, naye atakwambia dereva wake alishinda amelala chini ya mti.

Hebu tufanye hesabu. Kutoka Karungu hadi Nairobi kwa njia ya Migori, Rongo, Kisii, Bomet na Narok ni kilomita 400 na ushei. Kwa lori iliyojaa, pamoja na matuta na vizuizi vya barabarani, ni usiku mzima. Saa nne usiku, alipokuwa labda ameiacha Kisii na kuelekea Sotik, yule mzee alikuwa macho kwa saa 17. Watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliandika katika jarida la Nature mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hukosea katika majaribio ya umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Hicho ni kiwango ambacho katika nchi nyingi za Ulaya hakuruhusu tena kushika usukani. Wakifikisha saa 24 bila usingizi, walikuwa kama wenye asilimia 0.10. Mzee wetu, akipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu saa tisa za usiku, ana saa 22 tangu aamke. Hakuonja hata tone. Askari angempulizisha Alcoblow angemwambia, "Nenda salama, mzee."

Hakuna Alcoblow ya usingizi. Dereva mlevi akigonga, damu yake itasema. Dereva aliyesinzia akigonga, kishindo chenyewe humwamsha, na akifa, hakuna kipimo cha maiti kitakachoonyesha kwamba alikuwa amefumba macho. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu zaidi ya watu 4,700 waliokufa katika barabara zetu mwaka 2024. Wangapi kati yao waliuawa na usingizi? Ukitafuta katika vitabu vya polisi utawakuta chini ya mwendo wa kasi, au chini ya kupita gari jingine vibaya, au chini ya yale maneno niliyokwisha kuyalalamikia.

Mwili wa binadamu una saa yake, nayo haibonyezwi. Kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri joto la mwili hushuka na usingizi huvuta kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote, na alasiri huvuta tena kwa uchache. Mtu aliyeishiwa na usingizi huanza kuibiwa vipande vidogo vidogo, sekunde tatu, sekunde tano, macho wakati mwingine yakiwa wazi kabisa. Yeye mwenyewe hajui. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori huenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde nne inakwenda karibu mita 90 bila mtu. Dalili zake kila dereva anazijua, ila hupenda kuzibishia: kupiga miayo mfululizo, shingo kulegea, kukosa gia, gari kugusa ukingo wa lami, na ile mbaya kuliko zote, kushtuka umefika Narok na hukumbuki ulivyopita Bomet.

Utasikia dawa nyingi. Fungua dirisha, paza redio, nawa uso kwa maji baridi, tafuna miraa. Upepo na redio huburudisha kwa muda mfupi, kisha usingizi hurudi na riba. Miraa ni jambo jingine. Miraa haiondoi usingizi mwilini, huuficha. Deni linabaki lile lile, nawe umezuiwa tu kuliona, na siku itakapokwisha nguvu huenda uko mteremkoni. Kahawa ina nafasi yake: watafiti wa chuo cha Loughborough, Uingereza, wamewahi kuonyesha kwamba kunywa kahawa na kisha kulala usingizi mfupi usiozidi robo saa husaidia kuliko kimoja pekee, kwa kuwa kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi na wakati huo umekwisha kupata usingizi wako. Lakini hata hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kulala, si ya kukufikisha Nairobi.

Na wewe dereva ukiwa na mafua, usimeze Piriton ukashika usukani. Kidonge hicho kidogo cha manjano huleta usingizi, na katika duka la dawa karibu kila mtu huuziwa bila kuulizwa kazi yake ni gani. Hali kadhalika mtu anayekoroma sana usiku na kuamka amechoka, hasa akiwa mnene, aende hospitali akapimwe, kwani huenda pumzi yake hukatika akiwa usingizini, na mtu wa namna hiyo hata akilala saa nane ni kama hakulala.

Karungu na usingizi wana historia yao, na haitakuwa vibaya nikiitaja. Mwaka 1911 mtaalamu wa miamba aitwaye Felix Oswald alifika huko kuchimbua mifupa ya wanyama wa kale, na kitabu alichochapisha mwaka 1915 alikipa jina linalotaja upweke wake katika nchi ya malale. Malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeua watu wengi kando ya ziwa. Serikali ya kikoloni ilihamisha vijiji, ikafyeka vichaka, na kazi ya kupambana na mbung'o ikaendelea kwa miongo mingi, mpaka mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Kenya imeushinda ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Ilituchukua zaidi ya miaka mia moja, na ninatupongeza. Lakini nilipokuwa nimeketi pale ufuoni nilijiuliza iweje usingizi wa mbung'o tukauhesabia kila mgonjwa mmoja mmoja, na usingizi wa dereva hatujauhesabu hata kidogo.

Usinielewe vibaya, sheria ipo. Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza mtu kuendesha gari la abiria au la biashara kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ni sheria nzuri, na kama ingefuatwa lori ile ingekuwa na madereva wawili. Tatizo langu ni kwamba inahesabu usukani peke yake. Nyundo haizioni. Dereva aliyelala usiku kucha na aliyekimbizana na mawingu tangu alfajiri wote wawili wanaanza safari wakiwa na saa nane zilizo sawa. Na hata hizo nane, nani huzihesabu? Askari kizuizini huuliza leseni, bima na uzito. Sijapata kumsikia akiuliza, "Uliamka saa ngapi?"

Si kwamba hatuna ujuzi wa vifaa. Tangu 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mtambo wa pamoja wa kufuatilia kwa setilaiti shehena zinazopita kutoka bandarini. Kontena hufungwa kufuli ya kielektroniki, na ikiguswa kabla ya kufika mpakani kengele hulia ofisini. Kwa hiyo tunaweza kujua kama kontena la vitambaa limefunguliwa njiani usiku wa manane. Tunachokosa ni kujua kama mtu anayelivuta amefumba macho.

Najua utakaloniambia, kwamba Ulaya ni Ulaya. Ni kweli, na mpwa wangu mwenyewe hakunificha kwamba huko nako wapo wanaobandika sumaku kwenye kifaa ili kidanganyike kwamba gari limesimama. Mashine haimfanyi mtu kuwa mkweli. Vile vile ni kweli kwamba dereva wa Karungu akisimama mahali pasipo na mlinzi anaweza kuamka akakuta betri imekwenda na dizeli imefyonzwa, na kesho ikatwe kwenye mshahara wake. Huyo hapumziki hata akibonyeza kitanda mara kumi, atakuwa amelala kama sungura. Kwa hiyo siombi kila Canter ya omena ifungwe takografu kesho asubuhi. Ninachoomba ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: tuache kuhesabu kungoja kuwa kupumzika.

Na hapa naelekeza maneno kwako wewe, msomaji wa mjini, kwa sababu huenda lori ni yako. Wengi wetu wenye mishahara tumenunua Canter kwa mkopo, tukampa dereva, na kazi yetu ikawa kupiga simu. Unamlipa kwa tripu. Hapo umekwisha kuamua, bila kutamka, kwamba kila dakika anayolala ni hasara yake. Unataka afike sokoni saa kumi na moja kwa kuwa bei ya alfajiri ni nzuri. Sikatai, bei ni bei. Lakini mzigo wako ni omena kavu! Imekaushwa kwa jua, imo ndani ya magunia, inaweza kukaa wiki na wiki. Ingekuwa mbuta mbichi juu ya barafu tungebishana, na hata mbuta, barafu ikiwa ya kutosha na sanduku likifungwa sawasawa, haitaharibika kwa dakika 45. Mtaalamu gani wa samaki amekwambia omena kavu ikichelewa saa moja itaoza?

Fanya mambo machache. Anayepakia awe utingo na vibarua, na dereva apewe chumba Sori alale mchana, simu yake ikae kwa mtu mwingine. Chumba cha kawaida na chandarua havitakushinda, ukilinganisha na bei ya kioo cha mbele. Chagua naye kituo cha petroli chenye mlinzi na taa, nusu ya njia, na umlipe mlinzi huyo kitu kidogo kila safari. Mlipe dereva kwa siku au kwa mwezi. Na usimpigie simu saa nane usiku kumwuliza amefika wapi. Ukitaka kujua, mwulize aliamka saa ngapi, kabla hajaondoka.

Kabla ya kurudi Nairobi mimi na mpwa wangu tulinunua daftari la mwanafunzi pale Sori. Mpwa wangu, ambaye si mchoraji, alichora juu ya kila ukurasa usukani, nyundo na kitanda, akapiga mistari ya saa 24. Mzee alikitazama kitanda kilichochorwa, akasema kinafanana na mbuzi. Alikubali lakini kwa sharti kwamba mwenye gari asijue, walau mwanzoni.

Mnamo Januari alinisomea kwa simu kurasa za wiki mbili. Nilikuwa na kalamu, nikaandika. Siku ya kwanza: usukani saa tisa, nyundo saa 12, kitanda saa tatu. Ya pili karibu ile ile. Siku ya tano lori iliharibika Awendo na alipata kitanda saa saba, nyingi kuliko siku yoyote, kwa sababu hakukuwa na wa kumwita. "Shemeji," alisema, "mimi nilidhani navivia kazi. Kumbe nyundo zinanipita umri."

Katika wiki ya pili alianza kusimama karibu na Bomet, kwenye kituo cha petroli, dakika 45, viti vimelazwa, utingo akikaa macho kwa kuwa yeye alilala mchana. Usiku wa kwanza mama mmoja mwenye meza Gikomba alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu mzee aliamka akapokea, akamwambia atafika saa kumi na mbili kasoro. Alifika saa kumi na mbili na robo. Magunia yote 60 yalikuwa yamenunuliwa kufikia saa mbili, na mama yule alimkata shilingi 200 kwa kuchelewa.